Fuvu la Redio

Sufuria langu kubwa lilikuwa la makande. Nasema lilikuwa, kwa sababu tangu mwaka ule wa mvua za Elinino halijapika tena chakula cha binadamu. Mume wangu Nestory alichemshia humo kichwa cha ng'ombe kilichokwisha kuanza kuoza, hapa hapa nyumbani kwetu Mabatini, na mimi ndiye niliyechochea kuni. Mtu akiniuliza kwa nini nilikubali, jibu langu ni baba mkwe.

Baba mkwe, Mzee Mihayo, alishuka kwenye basi la kutoka kivukoni Kigongo asubuhi moja mvua ikiwa imepumzika kidogo. Alikuwa na gunia begani. Nilipopiga goti kumsalimia harufu ilinifikia kabla ya sauti yake, nikaelewa kwa nini abiria wenzake walikuwa wameshuka haraka namna ile.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Evelina. Usilifungue ndani."

Ndani ya gunia alikuwemo Redio, au tuseme kichwa chake. Redio alikuwa ng'ombe jike. Alipewa jina hilo kwa sababu hakujua kunyamaza: akiona mtu, analia; akiona wingu, analia; akiachwa nyuma malishoni anatangaza mpaka ng'ambo wamsikie. Baba mwenyewe alimwita Ledio, kama wazee wengi wa kwetu wanavyotamka. Alikuwa wa rangi ya majivu, mwenye pembe fupi, na ile ya kushoto ilikatika ncha alipokuwa bado mtamba, hajazaa, siku alipogombana na mlango wa zizi. Mlango ulishinda.

Lakini hakuwa ng'ombe wetu. Alikuwa wa Mama Teodora, mkunga aliyefanya kazi zahanati ya kijijini kwa baba, karibu na Busisi ng'ambo ya ziwa, kabla hajahamishiwa mjini. Mikono yake ndiyo iliyompokea Nestory duniani. Na mama mkwe alipotokwa na damu katika uzazi wake wa mwisho, Mama Teodora ndiye aliyemvusha ziwa kwa mtumbwi mpaka hospitali, akiwa amemshika mkono njia nzima. Baba hakusahau. Mkunga alipohama, alimwachia baba yule mtamba amtunzie.

Utaratibu wa kutunziana ng'ombe kwetu unajulikana. Anayetunza anakunywa maziwa na kulimia madume, na uzao ni wa mwenye mali, ambaye akipenda humpa mtunzaji ndama. Ng'ombe akifa, mtunzaji haendi mikono mitupu kusema amekufa. Anabeba ngozi na paja la nyama, anampelekea mwenyewe aone kwa macho. Bila ngozi, wewe umeuza, na hakuna wa kukutetea.

Redio alikufa katikati ya zile mvua, kwa uzee tu. Barabara zilikuwa zimekatika na kivuko kilikuwa kikisimama kila ziwa likichafuka. Paja la nyama lisingeweza kungoja, likaliwa na majirani. Ngozi baba aliiwamba uani akisubiri jua, na jua lenyewe wote tunakumbuka lilivyotususia mwaka ule. Ngozi ikaozea pale pale kwenye vigingi vyake. Kilichobaki ni kichwa, ambacho alikuwa amekiweka juu ya paa la banda.

Wakati baba anahangaika na mvua, Kija akamfikia Mama Teodora kwanza. Kija ni mtoto wa kaka wa mkunga huyo, na alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Miaka ile, biashara ilipofunguliwa, kila kijana mwenye fimbo na koti refu alikuwa mchuuzi wa ng'ombe: wananunua mnadani, wanapakia lori, hao Dar es Salaam. Kija akamwambia shangazi yake kwamba amemwona Redio kwa macho yake akipandishwa lori, wa kijivu, pembe imekatika. Labda alimwona ng'ombe wa namna hiyo kweli. Ng'ombe wa kijivu wenye pembe mbovu huku kwetu ni wengi kuliko viti vya kanisani.

Mama Teodora akatuma neno kwa Nestory: Jumapili baada ya misa, baba yako aje na ngozi. Asipokuja nayo, kesho yake Kija anavuka kwenda kukusanya uzao wote wa Redio.

Uzao huo ndio uliokuwa ukivuta jembe la baba. Lakini sicho kilichomleta mjini na gunia. Nilimmiminia maji anawe.

"Ng'ombe awachukue," akaniambia. "Ni wake. Ila Teodora asifike kaburini akijua mimi ni mwizi."

Nimeishi na wakwe miaka mingi na si wote ninaowapenda, lakini mzee yule nampenda, na sikuwahi kumwona ameinama vile.

Sasa, kile kichwa hakikuwa cha kupeleka sebuleni kwa mtu. Mama Teodora ana vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti, hata kwenye kiti kisichokaliwa. Huwezi kuingia mle na funza. Baba alitaka kukizungushia majani ya mgomba akipeleke hivyo hivyo. Nestory akakataa.

Nimweleze kidogo mume wangu. Alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na tangu hapo akawa hana kazi ila maarifa. Alikwisha kufungua pasi ya jirani ikashindikana kufungwa. Alikwisha kutengeneza mlango wa choo ukawa unafungukia mvua. Mtu wa namna hiyo ukimletea fuvu, umemletea sikukuu.

"Tutalisafisha liwe jeupe pee," akasema. "Shida ni ngozi haipo. Lakini ile pembe iliyokatika ipo, na ndiyo alama yake. Akiiona atajua."

"Safisheni," baba akasema. "Mimi sitaangalia. Siwezi kumwona anachemshwa."

Akachukua kigoda akaenda kukaa mbele ya nyumba, akaelekea barabarani, mgongo ametugeuzia. Siku zote alizokaa kwetu alikaa vile. Chai nilimpelekea hapo hapo.

Tukaanza kwa kisu. Ngozi iliyobaki iliachia kirahisi, minofu ya mashavu ilikuwa kazi. Kisha tukatafuta chombo. Debe lilikuwa jembamba, pembe zikagoma kuingia. Beseni la plastiki halipandi motoni. Nestory akaliangalia sufuria langu, mimi nikamwangalia yeye.

"Hata usifikirie," nikamwambia.

Nikatupa jicho mbele, nikaona mgongo wa baba, nikaenda kulileta mwenyewe nikiwa nimenuna.

Kichwa hakichemshwi kama maharage. Moto ukiwa mkali mfupa unapasuka, na ile mifupa myembamba ya puani inakatika vipande vipande. Maji yanatakiwa yatikisike tu. Tulitia sabuni ya unga ili itoe mafuta, maji yakichafuka tunamwaga, tunatia mengine. Ubongo Nestory aliutoa kwa waya kupitia lile tundu la nyuma, akiwa amefunga kitambaa puani, na kila alichokitoa alinionyesha, nikamwambia akinionyesha kingine naondoka kwenda kwetu.

Jirani yetu Bernadeta aliona moshi akaja na bakuli.

"Evelina, leo supu?"

"Supu hii, Bernadeta, hata mbwa wa Mabatini wameikimbia."

Akachungulia. Bakuli akalificha ndani ya khanga, akasema amekumbuka ameacha mtoto peke yake. Mtoto wake mdogo alikuwa kidato cha pili.

Nyama yote ilipoachia, pembe zikachomoka. Wengi hawajui kwamba pembe ya ng'ombe ni kama soksi: ndani kuna mfupa, juu kuna gamba, na gamba likipata moto linachomoka. Mle ndani kulikuwa na uchafu wa kutosha kufunga mtaa mzima. Nestory akazisugua kwa brashi na mchanga, akaziweka dirishani zikauke.

Nilipokuwa nasugua taya niliona jambo. Magego yalikuwa yamesagika mpaka yamelingana na mfupa, laini, hayana makali hata kidogo. Meno ya mbele ya taya la chini yalibaki mawili, nayo yaliachia humo humo motoni. Nikajisemea, huyu alikuwa bibi kizee kweli kweli, nikaendelea kusugua.

Ikaja kazi ya kung'arisha, na ndipo tulipogombana. Nestory alitaka Jiki ya kufulia. Nikamwambia Jiki naijua, imenilia shuka mbili nzuri, na kinachokula shuka kitakula na mfupa, tutampelekea Mama Teodora chaki. Akabisha, kama kawaida yake. Nikamchukulia kipande cha mfupa wa puani kilichokuwa kimekatika, nikakitumbukiza kwenye Jiki. Asubuhi alipokibonyeza kikawa unga mkononi mwake. Alivaa viatu akaenda duka la dawa.

Akarudi na ile dawa ya kusafishia vidonda, inayotoa povu. Ilikuwa katika vichupa vidogo, haikutosha kulilowesha fuvu zima kwenye beseni, na hapo lazima nimpe haki yake mume wangu. Alikuwa na mfuko wa pamba aliotoka nao kiwandani. Akaichovya pamba kwenye dawa, akalifunika fuvu lote kwa pamba, juu akazungushia mfuko wa nailoni. Likawa kama majeruhi wa ajali. Pamba ikikauka anaongeza dawa. Tulipolifungua nilishangaa: lilikuwa limeanza kuwa jeupe kama yai.

Mungu naye akatuachia jua. Tukalipandisha kwenye jiwe kubwa la nyuma ya nyumba, nikakaa chini yake na fimbo kwa sababu ya wale ndege makorongo wakubwa wa jalalani, ambao hawachagui. Nilichagua mchele huku nalinda fuvu. Waliopita walinisalimia wakiangalia pembeni.

Jumamosi Nestory akarudishia pembe. Alikaa chini, fuvu mbele yake, wametazamana uso kwa uso kama kinyozi na mteja. Alikuwa na gundi ya maseremala na pamba ya kujazia ndani. Akaichukua ile pembe iliyokatika.

"Kushoto, si ndiyo?"

"Kushoto," nikamwambia.

Akaipachika kushoto. Haikukaa sawasawa, akaongeza pamba na gundi mpaka ikatulia. Tukalifunga fuvu kwenye kitambaa cheupe cha meza, kile ninachotandika Krismasi. Baba alipoambiwa tumemaliza aliitikia kwa kichwa tu. Hakuomba kuona.

Jumapili tukaenda Nyakato, kwa Mama Teodora. Nestory alibeba fuvu. Baba alivaa koti lake la kanisani na kutembea nyuma yetu. Tulimkuta Mama Teodora sebuleni, amekaa wima, nywele nyeupe zimesukwa, na Kija kando yake ameweka mguu juu ya mguu.

"Mwangaluka, Mihayo."

"Mwangaluka, Teodora."

Walisalimiana kwa Kisukuma lakini kwa ubaridi, kama watu waliokutana ofisini. Chai haikuletwa. Baba akaeleza kila kitu: uzee, mvua, kivuko, ngozi. Alieleza vizuri, bila kuomba huruma. Alipomaliza, Nestory akaliweka fuvu juu ya meza na kufungua kitambaa.

Lilikuwa zuri, sitasema uongo. Lilimeta. Mama Teodora aliinama kuliangalia. Kija akacheka.

"Shangazi, machinjioni mafuvu yanatupwa ovyo. Hili limetengenezwa. Hata urembo limepakwa."

Mama Teodora hakumjibu. Akamgeukia baba.

"Mihayo. Huyu ni Redio?"

Ndipo baba alipoliangalia kwa mara ya kwanza. Aliinuka, akaizunguka meza, akasimama nyuma ya fuvu, pale ambapo mchungaji husimama akimswaga ng'ombe wake. Akashika pembe zote mbili. Mkono wake wa kushoto ulishika pembe nzima. Akaipapasa mpaka kwenye ncha, akarudia. Kisha akapapasa ya kulia, ile iliyokatika.

Nilifikiri uchungu umemzidi.

"Hapana," akasema. "Huyu siye."

Kija akapiga paja.

"Mmesikia? Kajisema mwenyewe!"

"Ledio alikatika kushoto," baba akaendelea, na sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikukatika. "Huyu kakatika kulia. Mimi nilimbeba Ledio kwenye gunia, mgongoni kwangu. Huyu sijui ametoka wapi. Lakini siye, na siwezi kukupa ng'ombe wa mtu mwingine nikasema ni wako. Mwambie Kija avuke kesho."

Akatoka nyuma ya meza, akarudi kwenye kiti chake, akachukua kofia yake. Nilitaka kupiga kelele. Mzee ameambiwa athibitishe yeye si mwizi, ameletewa uthibitisho mezani umeng'arishwa kwa jasho letu, anaukataa! Nilimkasirikia na kumwonea fahari kwa pamoja, sikujua nishike lipi.

Mama Teodora alikuwa bado anamtazama.

"Mihayo, ungenyamaza ningeamini. Mimi nimeshasahau ilikuwa pembe ya upande gani."

"Mimi sijasahau," baba akasema.

Hapo ndipo wazo lilipoingia kichwani mwangu. Nikaacha adabu zote za mkwe nikasimama.

"Nestory! Jana ulipokuwa unapachika, ulikaa wapi?"

"Mbele yake."

"Mmetazamana?"

"Ndiyo, tume..." Akaishia hapo. Akainua mkono wake wa kushoto, akauangalia, akaliangalia fuvu, akaugeuza. Kushoto kwa Nestory kulikuwa kulia kwa Redio, na mimi niliyekuwa nimekaa pembeni yake nikaitikia kushoto kama kasuku.

Hakuomba ruhusa. Alilipakata fuvu, akaizungusha pembe iliyokatika mpaka gundi ikalia, ikang'oka na pamba yake. Akaing'oa na nyingine. Akazibadilisha. Ile nzima iliingia kulia mpaka mwisho bila pamba hata chembe. Ile iliyokatika akaisukuma kushoto, ikateleza juu ya mfupa wake, ikatulia. Mikwaruzo ya gamba na ya mfupa ikakutana.

Baba alikuwa amesimama tena. Alinyoosha mkono akaigusa ile ncha iliyovunjika.

"Ledio," akasema.

"Yaani pembe zinabadilishwa tu kama taa za gari?" Kija akasema. "Shangazi, hawa..."

"Nyamaza, Kija. Aliyeiba akaleta fuvu la uongo hawezi kulikataa mbele yangu."

Mama Teodora akalivuta fuvu, akaligeuza chali juu ya kitambaa changu cha Krismasi. Alipitisha kidole kwenye magego, taratibu, gego moja baada ya jingine. Akarudia upande wa pili.

"Huyu hakuwa na meno," akasema. "Hakuweza kula nyasi. Alikuwa anakula nini?"

"Majani ya viazi. Namkatakatia. Na pumba namlowekea."

"Tangu lini?"

"Tangu yalipoanza kuisha. Muda mrefu."

"Hazai, hakamuliwi, hali nyasi. Mbona hukuniletea habari?"

Baba aliizungusha kofia yake mikononi.

"Ungeniambia nimuuze."

Kija alishusha mguu wake chini. Mama Teodora alilirudisha fuvu lisimame vizuri, akainuka kwa shida, akaenda mpaka alipokuwa baba. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, kama tunavyomshika mtu matangani.

"Pole, Mihayo," akasema. "Pole sana kwa kufiwa. Na nisamehe."

Hakuna aliyekuwa amempa pole mzee yule. Sisi tulikuwa tumeshughulika na sabuni. Baba akajifunika uso kwa kofia akalia, mtu mzima, kwenye sebule ya watu, kwa ajili ya ng'ombe. Nestory alinitazama akiogopa nitacheka. Sikucheka. Nililia na mimi, ingawa Redio alipokuwa hai nilikuwa simpendi kwa kelele zake.

Chai ikaja, na mkate. Mama Teodora alisema uzao ubaki ulipo, na kwamba fuvu hana pa kuliweka kati ya vitambaa vyake, halafu kwake lingekuwa geni. Lirudi nyumbani, likae mlangoni pa zizi. Kija alikunywa chai yake haraka akaaga.

Kesho yake tulimsindikiza baba mpaka Kigongo. Nilikuwa nimemfulia lile gunia, nikamkunjia, nikampa alitie fuvu ndani kwa safari. Akalikataa. Alipanda kwenye kivuko na fuvu mkononi, akakaa kwenye benchi la pembeni, akalipakata magotini, pembe iliyokatika upande wa kushoto. Watu walimwachia nafasi. Mwanamke mmoja mwenye tenga la dagaa akamuuliza anapeleka wapi kitu kile.

Baba mkwe si mtu wa kupaza sauti. Siku ile aliipaza, mpaka sisi tuliobaki gatini tukamsikia.

"Ni ng'ombe wa Teodora," akasema. "Alifia kwangu."